Mwanya wa Njiti Nne

Jumanne, 9 Julai 1996

Kimepotea. Kifaa cha meno cha mwanangu Happiness, kipande cha plastiki nyekundu chenye waya mbili na jino moja la bandia, kimepotea leo kati ya saa moja asubuhi, alipokivua anywe uji, na saa mbili kasoro robo. Dakika arobaini na tano! Kikombe nilichokiweka mwenyewe dirishani kipo. Maji yapo. Kifaa hakipo.

Naandika ili nisisahau hata dakika moja. Mwezi wa tatu daktari wa meno alitueleza vizuri: jino la nyuma limeoza na kung'olewa mapema, mtoto ana miaka saba, la ukubwani litatoka akiwa na kumi. Pengo likiachwa wazi, meno ya jirani yanaliegemea, jino jipya linakosa njia na kuchomoza pembeni kama pembe ya ng'ombe. Tulilinde sasa, mfupa ungali laini. Tukingoja awe mwari, ni kung'oa manne na kulia. Daktari anarudi Ijumaa kwa treni. Suzana, mke wangu, anarudi kutoka Katumba siku hiyo hiyo. Na nani alikabidhiwa kifaa? Mimi!

Nimempima mtoto pengo. Njiti nne za kiberiti, kamili.

Halafu kuna mtu karusha kitu asubuhi, kikagonga bati langu. Watoto wa jirani yangu Telesfori na mawe yao. Nitawapeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Jumatano, 10 Julai

Njiti tatu na nusu!! Kiberiti cha jana kiliisha, nimefungua kipya, nimepima mara tano. Nusu njiti kwa siku. Kwa hesabu hiyo Jumatano ijayo hakuna pengo. Uji umenishinda.

Nimemwuliza muuza mkaa. Nimewauliza majirani sita. Nimepekua jalala kwa fimbo, kisha kwa mikono. Sijamwuliza mama mkwe, Mama Nyanzala, aliyekuja kumwangalia mtoto. Mkwe haulizwi habari za kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu. Mimi nimelelewa Usukumani, nina adabu zangu. Tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtoto.

Nilipokuwa jalalani alikohoa mara mbili. Akamtuma Happiness aniambie kwamba kinachotafutwa chini pengine hakiko chini. Nikaitikia kwa heshima. Wazee na mafumbo yao.

Alhamisi, 11 Julai

Mwizi ni Telesfori. Fundi baiskeli kama mimi, kibanda chake hatua kumi na nne toka changu. Tangu mwezi wa tatu ananicheka: eti nampeleka mtoto hospitali kwa sababu ya meno, kwani meno si kama mahindi, yanajinyoosha yenyewe? Sababu anayo.

Nikaenda kuazima spana namba kumi na tatu. Alipogeuka nikafungua sanduku lake, nikalipekua mpaka chini. Akageuka tena. Mbele ya wateja wanne akauliza, Fundi Masunga, kulikoni? Hofu ikanitoa ukweli: natafuta jino la mwanangu. Telesfori akasema, pole mwenzangu, chukua friwili hiyo, ina meno kumi na nane. Wateja walicheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli.

Sawa. Nilianza mwaka 1984 na pampu moja, bila mjomba wala msaada. Nimenyoosha ringi zaidi ya elfu mbili. Mdomo ni nini? Ni ringi. Nimekata spoki mbili, kipande cha ndala nyekundu, kifungo cheupe cha shati badala ya jino. Kazi ya saa moja tu! Mtoto sikuthubutu kumwekea. Nikajijaribishia mwenyewe.

Kimeingia vizuri mno.

Hakitoki.

Ijumaa, 12 Julai

Bado hakijatoka. Suzana kashuka kwenye lori saa nne, akauliza mtoto hajambo. Nikajibu, aaah. Akaniangalia mdomoni. Mungu wangu.

Hospitali tumekwenda wote, na mama mkwe nyuma yetu. Daktari na koleo, dakika ishirini na mbili. Akasema ningemwekea mtoto, spoki ingeweza kumshuka kooni. Suzana akaiokota spoki, akaitazama, akalitazama koo la mtoto, akanitazama mimi. Koleo sikuliogopa kama macho yale.

Ndipo mama mkwe akamwambia Happiness amwambie mama yake aniambie mimi: Jumanne alikuta jino kikombeni, akalirusha juu ya bati kama inavyopaswa, panya achukue bovu alete zuri. Tangu siku ile anangoja aulizwe.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Kifaa kilikuwa kimekwama kwenye msumari wa bati, waya moja imepinda. Nikakirudisha hospitali; daktari akainyoosha kwa dakika moja, akakisafisha, akapima pengo. Halijasogea! Njiti za kiberiti kipya ni nene, basi. Siku tatu si kitu, alisema. Ingekuwa miezi mitatu mngelia. Happiness kakivaa, anasema "sukari" mara mia kujaribu ulimi. Suzana kahamishia kikombe kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo sina.

Jumamosi, 13 Julai

Nimejitazama kiooni. Jino langu la mbele, lililopinda tangu utoto, limesogea nusu njiti! Nina miaka arobaini na mmoja, mfupa kama saruji, na bado limesogea kwa siku moja tu. (Nilipima kwa kiberiti kipi? Sikumbuki. Haidhuru.)

Nina spoki mia na arobaini na nne. Mbili kwa kila mdomo, midomo sabini na miwili. Nikiwa nimekaa kibandani tu nimehesabu watoto thelathini na mmoja wa mtaa wetu wa Makanyagio wenye meno ya kugongana. Telesfori asijue.

Mama mkwe kakohoa mara mbili nilipokuwa naandika. Sikumwuliza.

Barua nimeipeleka kwa daktari: Mheshimiwa, kazi tunaifanya wote au niianze peke yangu? Treni inaondoka kesho saa saba mchana. Nijibu kabla ya saa sita. Ndiyo au hapana, maneno mengine sitaki.