Kopo la Udongo Juu ya Friji

Jumatatu, tarehe 4
Friji limemng'ata mke wangu. Yeye ndiye anasema limemng'ata. Mimi nasema limemgusa tu. Kapiga yowe, kaangusha jagi, kaniambia mzee, huo ni umeme, ita fundi. Fundi! Fundi mwenyewe ni mkwe wetu, yule niliyemwambia mbele ya ukoo mzima kwamba kazi yake ni kupanda nguzo kama nyani. Leo nikamwombe? Mimi, niliyeunga redio kwa mikono yangu ikaongea siku mbili! Nimelishika friji mbele ya mke wangu. Kimya. Umeme unanijua.

Jumanne, tarehe 5
Kumbe jana nilikuwa nimevaa kandambili. Leo nilikuwa peku. Sielezi zaidi. Mkono bado unaimba.
Nimefunga kandambili kwa kamba mlangoni mwa friji, nikaandika kwa mkaa: VAA KWANZA. Mke wangu akauliza, na wageni je? Nikamjibu mgeni mwenye adabu hafungui friji la watu. Akaingia chumbani, akatoka na begi. Friji lisipotengenezwa kufikia Jumamosi, anahamia kwa binti yetu. Yaani kwa mkwe! Hiyo aibu nitaificha wapi?

Jumatano, tarehe 6
Nimemuuliza mwenye duka la vifaa, kwa niaba ya rafiki yangu. Akasema friji la rafiki yako halina waya wa ardhi, umeme unavujia kwenye bati, aite fundi haraka. Hayo ya mwisho sikuyasikia vizuri.
Ardhi tu! Ningeambiwa mapema! Nimejaza udongo kwenye kopo la rangi, nikachomeka waya, ncha ya pili nikaifunga kwenye bawaba ya friji. Kopo nimeliweka juu ya friji, limetulia kama mwenyekiti wa kikao. Mke wangu kaniuliza kama nimeanza kupanda maua.

Alhamisi, tarehe 7
Friji bado linauma. Nikaona udongo umekauka, nikaumwagilia. Sikujua kopo lina tundu. Maji yakateremka nyuma ya friji mpaka kwenye soketi. Pwaa! Moshi! Nikakimbilia ndoo nizime. Mke wangu akanikamata kola, akanirusha nyuma kama gunia, akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa. Maneno aliyonipa siyaandiki, daftari hili litasomwa na wajukuu. Kisha akampigia simu mkwe. Mbele yangu! Nikamwambia mke wangu, mkwe akifika angalau aseme alikuwa anapita tu.

Ijumaa, tarehe 8
Mkwe kaja. Shikamoo baba. Nikaitikia marahaba kwa pua. Akalitazama kopo muda mrefu. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Akauliza kwa upole, baba, hili kaliweka nani? Nikasema tulilikuta.
Akagongomelea chuma kirefu ardhini nje ya dirisha, akavuta waya, akabadili soketi, akafunga swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Akasema ile ndoo ningeimwaga, leo watu wangekuwa wanamletea mama rambirambi. Mke wangu akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kanga. Na mimi vumbi liliniingia jichoni.
Wakati wa kuondoka mkwe akanionyesha tawi la mti wetu linavyokaribia nyaya za barabarani. Baba, usiliguse, wala usisogeze ngazi pale. Watu wa umeme watakuja Jumatatu kulikata. Nikasema sawa. Begi limerudi kabatini.

Jumamosi, tarehe 9
Friji limetulia. Nimetafakari. Udongo wazo la nani? Langu! Yeye kaongeza chuma tu.
Sasa, kungoja Jumatatu kwa tawi moja? Nimeazima ngazi ya chuma. Msumeno upo. Kandambili nimezivaa. Kopo nimelifunga kwenye mguu wa ngazi, safari hii nimeziba tundu.
Kikwazo kimoja tu. Mke wangu kakaa kwenye kipago cha pili cha ngazi tangu asubuhi, anachambua maharage, begi liko miguuni pake.
Nangoja. Ataenda chooni tu.