Injini Isiyodumu na Viti Viwili Uani

Kwa Mhandisi Mkuu,
Kiwanda cha Mashine za Kukatia Nyasi

Ndugu Mhandisi,

Kuna swali lililonisumbua kwa muda mrefu, nami nalileta kwako kwa heshima zote. Ilikuwaje mashine ya kusukuma aliyoiacha marehemu baba, ambayo haikuwahi kubembelezwa na mtu, ikakata nyasi miaka thelathini na mmoja, ilhali hii ya kwenu, ingali na harufu ya boksi, huzimika kila Jumamosi kama mgonjwa aliyeona jamaa wakiingia wodini? Mimi ni mwalimu wa mantiki chuoni. Najua mashine mbili hazithibitishi kanuni. Hata hivyo madhara yamemfikia shangazi yangu aliyenilea, na hapo siwezi kunyamaza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabureta ni ya plastiki, na petroli ikilala humo wiki mbili huganda kama gundi. Kitabu chenu cha maelekezo kinadai injini haitahitaji kubadilishwa oili maisha yake yote. Nilikishuku, kisha nikaona maisha yenyewe yalivyo mafupi. Nakiri kwamba kinasema kweli.

2. Kwa kuwa injini hufa kila wiki, fundi huja kila wiki. Tunamwita Bisibisi, maana hugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, akaweka mpini sikioni na kufumba macho. Ni mgane, mpole, mwenye haya. Shangazi, ambaye tangu afiwe na mumewe miaka minane iliyopita alitoka chumbani kwa ajili ya kula tu, alimpelekea chai. Jumamosi iliyofuata alipeleka chai na kiti. Ya tatu, viti viwili.

3. Sasa Shangazi anafungua plagi ya injini, anaipuliza na kuisugua kwa msasa. Juzi alimwambia mume wangu, mbele ya majirani, kwamba anavuta kamba ya kuwashia kama mtu anayefukuza nzi. Mume wangu ni daktari wa meno. Nguvu za mkono wake hazikuwahi kutiliwa shaka kabla ya siku hiyo.

4. Nyasi zimefika magotini, isipokuwa njia moja nyembamba kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye viti.

5. Mwezi uliopita Bisibisi alikuja Jumatano. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Nilipouliza nani kamwita, Shangazi alinijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akaenda kubadilisha kitenge.

Kwa hiyo, Ndugu Mhandisi, kiwanda chako kimemposea shangazi yangu mchumba bila kupitia kwa wazee wa ukoo. Huenda nimeruka hatua moja katika hoja, nimeitafuta sijaiona. Naomba injini moja isiyokufa, pamoja na barua fupi ya kumwomba radhi mume wangu.

Wasalimie mafundi wote, mtunza stoo, walinzi wa lango, na hasa aliyeandika kile kitabu. Mwambie nimemsoma mara saba.

Ni mimi, mteja wako mwenye nyasi ndefu.

N.B. Barua hii imelala mezani wiki tatu. Kabla sijaituma, wakala wenu alileta injini mpya, kwani mume wangu alikuwa amekwenda kulalamika dukani kivyake. Haijazimika hata mara moja. Ua wetu umenyolewa kama kichwa cha kuruta. Bisibisi si mtu wa kuja asipoitwa, na Shangazi amerudi chumbani; hata chakula anaomba apelekewe huko. Leo asubuhi nimeichomoa plagi kwa mkono wangu, nikaificha kwenye mkoba wa chuoni, kisha nikampigia fundi simu kwa sauti ya masikitiko. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu, na kabureta msiiguse. Kuhusu swali langu, ambalo sasa limegeuka kuwa kama ubora wa kitu ni kudumu au ni kuhitaji watu, bado sina jibu, wala leo silipati: wale wawili wanacheka mno huko nje, siwezi kufikiri.