Flopi Zilizofukizwa Udi

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mke wangu, Mwanamkuu, anataka meza. Cherehani yake iko sakafuni; mezani iko kompyuta yangu kuukuu, ambayo haiwashi kitu zaidi ya taa moja ya kijani. Ametoa amri: "Ijumaa Lugembe anapita na mkokoteni wa vyuma chakavu. Ama dude hilo liwake, ama liondoke."

Litawaka. Halina tundu la flashi, lina mdomo wa flopi tu, zile diski bapa za zamani. Na flopi ninazo! Kumi na moja, zimebeba mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Unix. Nimezipata Itetemia kwa Mzee Abbasi, ndani ya boksi la majani ya chai.

Jumanne, 6 Mei
Flopi tatu za kwanza zimekubali. Maandishi mengi yamepita. Sikuelewa hata moja. Ya nne imekwaruza kwa kelele, ikagoma. Nimeinusa: ukungu wa masika.

Godbless, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, amechungulia dirishani. Kanipa shikamoo, kisha kauliza kwa adabu kama natwanga kisamvu. Akasema ana kifaa cha kuandikia flopi, nimpelekee. Nimekataa. Mtaa wetu wote wa Chemchem ungejua kabla ya adhuhuri.

Jumatano, 7 Mei
Dawa imepatikana. Nguo za Mwanamkuu zikinuka sanduku, huzifukiza udi, zikatoka kavu na kunukia. Alipokwenda sokoni nimeweka flopi ya nne juu ya kikapu cha kufukizia, chetezo chini. Kwa uhakika, nimeongeza mkaa.

Alasiri. Inanukia kama bibi harusi. Imejikunja kama papadi.

Mwanamkuu amerudi, akauliza mgeni gani amekuja. Nimemwonyesha. Amecheka mpaka akakaa chini, kando ya cherehani. Halafu akauliza umebaki udi kiasi gani. Kumbe ulikuwa wa harusi ya mpwa wake, Yasmini. Hakucheka tena.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeikandamiza flopi kwa tofali tangu asubuhi. Haikunyooka. Kesho Lugembe! Sikula.

Jioni nimekuta mezani flopi mpya, imefungwa kwenye leso ya Mwanamkuu. Kaenda kwa Godbless mwenyewe. Godbless kapakua mtandaoni yaliyokuwa kwenye flopi ya nne, kayaandika upya. Nimesema kazi ya Godbless ni ya kawaida tu. Nimeitia. Imekubali, na zote zilizofuata.

Ijumaa, 9 Mei
Imewaka! Skrini nyeusi, mstari mmoja, inaniuliza jina. Nimeandika Uwesu. Mwanamkuu amesoma, akasema: "Ina adabu kuliko wewe. Ibaki, meza tutagawana."

Lugembe amekunywa chai, hakupata chuma. Ila mkokotenini alikuwa na printa, imelowa masika yote. Nimeichukua.

Inanuka ukungu. Udi umekwisha. Mkaa upo.