Nyumba ya Kanja Iliyoota Majani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye angekuja mwenyewe lakini hakuja, Chifu wetu na manaibu wake wote walioketi na waliokosa viti, Mchungaji uliyetuombea kwa ufupi tukashangaa, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kumtafuta Mwenyekiti, mastekholda wote wa kahawa na ndizi, na wewe Mama Teresia, mwenye shamba hili tunalokanyaga: hamjambo, na tena hamjambo! (Makofi. Mbuzi analia.)

Mimi Njagi wa Njura, Msaidizi wa Naibu Mratibu wa Makao na Mazingira, mtu aliyetoka darasa la saba akaingia moja kwa moja kwa semina na hajatoka mpaka leo (kicheko), nimesimama hapa kufungua rasmi nyumba ya kwanza, kuanzia Runyenjes mpaka Kairo, inayounganisha binadamu na maumbile bila hata kusumbuliwa na mlango. Nyumba za aina hii niliziona Ulaya, nilikotumwa siku nne nikakaa tisa. Kule mtu akimaliza kuoga, mti unaingiza tawi dirishani unampa taulo. (Mzee Gitari, jirani: "Uongo huo uliutoa wapi?") Mzee Gitari, nilirudi nao kwa ndege.

Kwa mujibu wa takwimu za kitaalamu, ambazo nilizikusanya mwenyewe nikiwa nimefumba macho ili nisipendelee upande wowote, asilimia mia moja na kumi na nne ya wakazi wa hapa Kanja wanalala wakiwa wametenganishwa na maumbile na kitu kinaitwa ukuta. Ndiyo sababu, miaka miwili iliyopita, nilimwagiza Mama Teresia abomoe jiko lake, kwa kuwa moshi ulikuwa unawachanganya ndege katika utekelezaji wa majukumu yao. Akabomoa siku hiyo hiyo! Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga. Mama Teresia: "Njagi, nimepikia mvuani misimu minne. Leo nataka paa, makofi siwezi kuezekea.")

Paa liko kwenye mchakato, Mama. Kwanza tuangalie yaliyofanyika. Siku ile nilipigilia hapa, lilipokuwa jiko, vigingi vinne kwa mkono wangu huu, vya mti mbichi wa mukungugu niliokata kwa ua wa Mzee Gitari (Mzee Gitari: "Kumbe ni wewe!"), na watu wakanicheka, wakasema mukungugu mbichi ukiupiga chini utashika mizizi. Sasa nawauliza, si umeshika? Angalieni pembe nne za nyumba, majani matupu! Viazi vikuu vya Mama vimepanda mpaka dari, ama mahali dari itakapokuwa. Nionyesheni injinia mwingine ambaye akienda zake kulala, nyumba inaendelea kukua! (Kicheko kikubwa. Ngurumo upande wa mlima. Matone.)

Hayo ni maumbile yanaitikia hotuba, msikimbie, njooni huku chini ya turubai la wageni, sogeeni, Chifu usinikanyage, na nani huyo anafungua kamba zake? (Mama Teresia: "Ni mimi. Njiru mwanangu, shika hiyo pembe. Mzee Gitari, funga hapo kwa mti wako.") Mama, turubai hilo ni la kanisa! Jumamosi lina harusi! (Mchungaji: "Kanisa lina paa, Njagi. Mwachie mama.") Haya basi... hebu... jamani, limefika pembe zote nne! Limekaa kama limepimwa! Mmeona mambo ya plani? (Mama Teresia anapanga mafiga matatu, anawasha moto.)

Nikisema NYUMBA, semeni IMEMEA! Nyumba! (Imemea!) Nyumba! (Imemea, na chai iko wapi?)

Nikimalizia, kabla maji hayajachemka, namshukuru Chifu kwa kutoniomba plani, maana haikuchorwa. Nawashukuru wafadhili kwa unyenyekevu wao wa kutokuwepo. Naishukuru ofisi yangu, ambayo mpaka saa hii haijui nilikuja hapa, leo wala ile siku ya vigingi. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe Mama Teresia, kwa sababu mradi ambao sikuwahi kuwa nao, wewe umeukamilisha kwa dakika kumi. Asanteni sana.

(Mama Teresia: "Karibu, Njagi. Shika huo mtungi ulete maji mengine, watu ni wengi.")