Halbadiri ya Pasipoti ya Mwanaheri

Jumatatu, 11 Aprili 1983

Mke wangu amerudi kutoka Lusaka bila pasipoti. Kaibiwa stesheni, alipokuwa akimsaidia mama mmoja kubeba mtoto. Kawaida yake! Mkunga hawezi kuona mtoto akapita. Ndani ya pasipoti mlikuwa na viza ya Bulgaria, anakopelekwa miezi sita kuongeza elimu ya ukunga. Ndege ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bila pasipoti mpya hakuna viza mpya, na bila viza nafasi anapewa mwenzake wa Morogoro. Mwanaheri hajalia. Kaoga, kala, kalala. Mie ndiye niliyelia kidogo, uani.

Nimemwambia asihangaike, mumewe nipo. Kafungua jicho moja, akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumanne, 12 Aprili

Mwanaheri kaanza kuzunguka maofisini. Karatasi ya polisi wa Lusaka, picha, barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Njoo kesho, njoo keshokutwa. Kwa mwendo huo atafika Bulgaria akiwa bibi kizee.

Mie nina njia ya mkato. Halbadiri! Kisomo cha kumwapiza mwizi. Hapa Temeke hata kibaka sugu akisikia jina hilo tumbo linamkata. Nimekwenda kwa Maalim Fakihi, nikampa shikamoo mbili badala ya moja. Kakataa. Kasema Halbadiri si kitu cha kuchezea, na isitoshe mwizi mwenyewe yuko Zambia. Nimemweleza kwamba Halbadiri haihitaji viza. Kanionyesha mlango.

Sawa. Kwani lazima isomwe? Inatosha itangazwe! Jioni nimesimama bombani, kina mama wote wapo na ndoo zao, nikatangaza kuwa Ijumaa baada ya swala inasomwa. Aliyechukua cha watu akirudishe barazani kwangu mapema. Pasipoti nilisahau kuitaja, si neno. Habari itapanda treni na kufika Lusaka.

Gaudens, mjumbe wetu, alikuwepo. Kacheka. Kasema yeye ni Mkatoliki, mambo hayo hayamhusu. Sikipendi kile kicheko.

Jumatano, 13 Aprili

Nimefungua mlango alfajiri. Barazani: sufuria mbili, jembe, pampu ya baiskeli, na kuku kafungwa miguu. Pasipoti hakuna.

Mwanaheri karuka kuku, kaenda zake maofisini. Kauliza tu kama tumefungua duka la ushirika.

Alhamisi, 14 Aprili

Vimeongezeka! Redio. Viti. Mlango mzima wa choo. Na katoni tatu za sabuni, mpya kabisa, hazijafunguliwa. Sabuni! Mtaa mzima tunafulia majani ya mpapai.

Kabla jua halijachomoza kaja Gaudens mwenyewe, kitu kimevimba chini ya koti. Birika! Birika la mama mkwe wangu, lililopotea siku ya arusi yetu! Kasema anarudisha kwa ajili ya ujirani mwema tu, si kwamba anaogopa chochote. Nimemwambia bila shaka. Furaha niliyokuwa nayo hata chai sikuitaka.

Mchana majirani wamegombea redio mpaka imevunjika. Mlango wa choo una wenyewe watatu. Mwanaheri karudi miguu imevimba. Kasema kesho, Ijumaa, ndiyo siku ya mwisho kupokea maombi, na mume anatakiwa kufika mwenyewe kutia saini ya ridhaa. Nifike saa tatu, nisifanye kitu kingine chochote. Nimeapa.

Ijumaa, 15 Aprili

Saa mbili nimevaa suti. Saa mbili na kidogo wameingia polisi. Msako wa walanguzi! Wamekuta katoni tatu za sabuni barazani kwa mtu aliyevaa suti. Nimewaeleza habari ya Halbadiri. Askari, mgeni kutoka bara, kaandika jina hilo vizuri, kisha akauliza huyo bwana anakaa wapi.

Mahabusu nimekaa na aibu yangu. Namwona Mwanaheri kwenye benchi kule uhamiaji, anatazama mlango. Miaka tisa kazalisha wanawake wa Temeke usiku na mchana. Wamemchagua yeye, na anayemkwamisha ni mie. Nimelia tena. Mlevi wa pembeni kanipa leso.

Saa sita nimesikia sauti ya Mwanaheri, majirani wamempasha habari. Mkuu wa kituo kasimama, mtu mzima na nyota zake! Kumbe watoto wake mapacha walipokelewa na mikono ya mke wangu. Mwanaheri hakuniombea hata kidogo. Kauliza hali za watoto. Kisha kasema anahitaji saini ya mume wake mara moja, akishaipata wanaweza kumrudisha ndani wakitaka.

Nimetia saini kule uhamiaji nikiwa nimeshikwa mkanda na askari. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa! Jioni wameniachia. Sabuni zimepelekwa wodi ya wazazi, wazo la Mwanaheri. Njiani kacheka mpaka akakaa chini, kisha kanishika mkono hadi nyumbani, hadharani, watu wanatazama. Nampenda mwanamke huyu.

Alhamisi, 21 Aprili

Pasipoti imetoka! Viza imegongwa! Ubalozini walitazama karatasi ya polisi wa Lusaka, wakauliza maswali mawili, basi. Mie nilisubiri nje ya geti, kwa amri yake.

Jumamosi, 23 Aprili

Uwanja wa ndege. Watu wengi, vibaka lazima wapo. Mwanaheri alipokuwa anaagana na mama yake, niliichukua pasipoti mkobani nikaiweka salama. Mara zamu yake imefika, pasipoti haipo! Nimepiga kelele za mwizi. Nimepanda juu ya benchi, nimefungua kinywa niwatangazie Halbadiri. Mwanaheri kanifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kaitoa kwenye mfuko wa koti langu. Kaniegemeza kichwa begani kidogo, kisha kaenda.

Nimeitazama ndege hadi mama mkwe kanivuta shati.

Jumapili, 24 Aprili

Nyumba kimya. Chai nimeichemshia birika lile, nimemimina vikombe viwili kwa mazoea. Miezi sita! Nani aliyepanga miezi sita? Mwanamke hodari namna ile angemaliza kwa wiki mbili.

Nimepata wazo. Simu ya maandishi! MUMEO MAHUTUTI RUDI UPESI. Si uongo sana, chakula hakipiti. Posta leo wamefunga, kesho nitakuwa wa kwanza mlangoni. Akifika atanikuta kitandani, nimejifunika hadi kidevuni. Ataghadhibika siku moja, mbili, lakini atakuwa hapa.

Tangu saa nne najizoeza kukohoa.