Lalamiko Dhidi ya Shangazi Anayeuliza Maswali Kabla ya Kukata Jani

Mount Druitt,
Jumatano jioni.

Kwa Mwenyekiti Njenga,
Umoja wa Wasema-Kiswahili wa Magharibi ya Sydney.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kabla hujafika sentensi ya pili, nakuomba ufunge mlango. Neno lolote lililomo humu lisitoke, hata lile la salamu. Usiisome barua hii kwa sauti, usije nayo kanisani, na zaidi ya yote usiiache mezani. Mkeo, Mama Bibiane, husimama bega kwa bega na Shangazi yangu kwenye kwaya, na katika kwaya ile siri hudumu ubeti mmoja tu.

Mimi ni Elkana, karani, umri miaka ishirini na minne. Naishi kwa Shangazi Apondi, dada wa marehemu baba yangu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee. Kwenye dirisha la jikoni ana chungu cha mshubiri, mmea ambao wewe unaujua, mimi naujua, na bibi zetu waliujua bila kusoma popote. Silalamikii mmea. Nalalamikia jinsi Shangazi anavyoulinda. Amehamisha taratibu zote za kazini kwake hadi jikoni kwetu, na siku hizi kupata jani moja ni kazi kubwa kuliko kupata kibali cha kuishi nchi hii. Hoja zangu ni hizi.

1. Mwezi wa tatu niliungua kidole nikipiga pasi shati la kazini. Mtu mwenye huruma angevunja jani akanipaka. Shangazi alinishika kifundo cha mkono, akanisimamisha mbele ya bomba la maji baridi na kutazama saa. Dakika ishirini, Mheshimiwa. Treni yangu ilipita nikiisikia. "Maji kwanza," alisema. "Jani halizimi moto." Jani lenyewe nililipata kesho yake, kwa sababu ya hoja ya pili.

2. Alinipaka tone moja upande wa ndani wa mkono, akaniambia tusubiri hadi kesho tuone kama ngozi itawasha. Ngozi hii imeoga maji ya Ziwa Victoria tangu utotoni, lakini ilifanyiwa usaili kama mwomba kazi. Ilifaulu. Hakuna aliyeipongeza.

3. Daftari. Kila anayeomba jani huandikwa: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anaumwa nini, anatumia dawa gani nyingine, ana mimba au hana. Nilimwambia, "Shangazi, jina hili ulinipa wewe mwenyewe." Akajibu bila kuinua macho, "Wazee wangu nimewalisha miaka sita, na kila asubuhi nawauliza majina. Sema jina." Nikalisema. Kisha akaniuliza kama nina mimba, wala hakucheka.

4. Shahidi. Kazini kwake dawa hutazamwa na watu wawili, basi jikoni kwetu pia. Shahidi ni Nahimana, Mrundi wa nyumba ya pili, anayefanya kazi kwenye ghala. Huja na kizibao chake cha rangi ya chungwa kinachong'aa, husoma jina langu daftarini, hunitazama usoni kana kwamba naweza kuwa mtu mwingine, kisha hutia sahihi. Wiki iliyopita alisema, "Ni yeye. Ila amekonda." Wakacheka wote wawili. Mgonjwa ni mimi.

5. Sasa nafika kwenye kiini, na hapa naomba ufunge na dirisha. Ofisini kwetu, kule Westmead, kazi yangu ni kuingiza fomu za watu kwenye kompyuta, na nimo katika miezi sita ya majaribio. Kikao cha kuamua kama nitabaki ni kesho, Alhamisi, saa nne kamili asubuhi. Nikipita, nina kazi. Nisipopita, narudi kukusanya toroli kwenye maegesho ya duka.

Kompyuta zetu zina taa: ukiwa mezani ni ya kijani, ukiinuka ni nyekundu, na msimamizi huhesabu dakika za wekundu. Kwa hiyo kwa miezi mitano na nusu sikuinuka. Lakini mwili wa binadamu una mambo yake ya kuinukia. Niliyazuia, nayo yakazoea kuzuiwa. Leo ni siku ya sita tumbo limefunga.

Nilimwomba Shangazi mshubiri wa kunywa. Alikataa, tena kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema wa kupaka ni mmoja na wa kunywa ni mwingine. Chini ya ganda la jani mna utomvu wa njano, na huo ukiingia tumboni huendesha bila breki. Wenye mimba, watoto na wanaotumia dawa za sukari au za moyo hawaujaribu kabisa. Na mtu wa siku sita, alisema, huanza na maji, papai na kutembea, kisha humwona mfamasia au daktari, hamwendei shangazi. Halafu akauliza swali lililoniumiza: "Umeshameza kitu kingine?"

Nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya dukani vya kulainisha choo. Nikasema hapana. Ndiyo maana nasema maswali ni hatari, Mheshimiwa. Huwafanya watu waaminifu waseme uongo.

Nilimkumbusha kwamba majani ni ya Mungu. Akasema, "Na uyoga ni wa nani? Mbona huokoti wowote ukala?" Sidhani kama hilo ni jibu la Mkristo.

6. Mlinganishe na Mzee Dieudonné wa Bankstown, mtu wa Bukavu, mponyaji wa majani na tunu ya jumuiya yetu. Jumapili nilimweleza tatizo langu kwa maneno manne. Leo baada ya kazi amenipa chupa ya lita moja iliyokuwa ya juisi, imejaa mshubiri hadi shingoni. Hakupima. Hakuniuliza hata jina, na mpaka sasa ananiita Emmanuel. "Kunywa yote, mwana," alisema. "Haina mubaya, ni majani tu. Badokta banasumbua batu bure." Nilipomtajia utomvu wa njano alinisikitikia: "Ile ya njano njo nguvu yenyewe!" Nikamuuliza, kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, kama kuna aliyewahi kudhurika. Akasema hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Takwimu hizo zimeniridhisha kabisa.

7. Hatari kwa umma. Leo anaulizwa mgonjwa. Kesho ataulizwa mponyaji, na keshokutwa itakuwa zamu ya viongozi. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, unaongoza Umoja wetu mwaka wa kumi na moja sasa bila mwanachama yeyote kuuliza swali, na tazama utulivu uliopo. Utulivu wa namna hiyo haushuki kutoka mbinguni. Watu wakizoea kuuliza kuhusu kijiko kimoja cha dawa, hawatanyamaza kuhusu uchaguzi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, Umoja utangaze rasmi kwamba kitu kilichoota ardhini hakiwezi kumdhuru mtu. Daftari lichukuliwe. Chungu cha mshubiri kihamishiwe Bankstown kwa Mzee Dieudonné, ambako kitatumika bila kusumbuliwa. Nahimana atafutiwe kitu kingine cha kushuhudia, kama vile ndoa.

Mimi chupa naimaliza jioni hii hii, ili kesho saa nne niingie kikaoni nikiwa mwepesi na mwenye kujiamini, jambo ambalo msimamizi amesema mara mbili kwamba ninalikosa.

Wasalimie watoto, kamati nzima na wazee wote wa Umoja. Msalimie na Mama Bibiane, bila kumwambia salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi mtiifu wako, ambaye hukumwona wala hakukuandikia,

Elkana

Nyongeza. Alhamisi, saa nne na dakika ishirini na tano.

Naandika nyuma ya karatasi, juu ya goti. Nitaipiga picha pande zote mbili na kukutumia kwa simu.

Niliinywa yote. Kwenye treni, hadi kituo cha Blacktown, nilikuwa mzima na nilimdharau Shangazi moyoni. Kuanzia Toongabbie sikumbuki vizuri. Niko chooni hapa ofisini tangu saa mbili, na taa yangu ni nyekundu kwa muda mrefu kuliko miezi yote iliyopita ikijumlishwa.

Kwa kuwa saa nne ni saa nne, msimamizi alikuja kukifanyia kikao mlangoni. Alinisomea ripoti akiwa amesimama karibu na sinki. Alisema idara haijawahi kuona mtu wa kukaa mezani kama mimi, nami nilifurahi kwa kadiri nilivyoweza. Kisha akapitisha karatasi chini ya mlango. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Sababu iliyoandikwa ni kutokuwepo mezani wakati wa kikao. Nimetia sahihi. Aliomba niirudishe kwa njia ile ile.

Sasa miguu inatetemeka, mdomo umekauka, na nikisimama chumba kinazunguka. Tafadhali mpigie Shangazi, leo yuko nyumbani. Mimi siwezi, akisema tu "Elkana" nitalia, na kuna watu huku nje. Mwambie ilikuwa lita moja, jana saa moja jioni, pamoja na utomvu wote. Mwambie na vidonge: viwili vya Jumatatu, ambavyo nilimkana, na viwili vya jana, ambavyo hata wewe sikukutajia. Aniambie la kufanya. Akisema hospitali, nitakwenda, iko karibu na hapa. Akikuuliza umeyajuaje haya, msomee barua yote kuanzia namba moja, hata mbele ya Mama Bibiane, hata mbele ya kwaya. Mradi achukue simu.

Na lipo la haraka kuliko mimi. Jana nyumbani kwa Mzee Dieudonné niliona chupa ya pili, imejaa kama yangu. Alisema ni ya Darlène, mwanachama mwenzetu wa Umoja, ambaye ataipitia leo jioni. Darlène ana mimba ya miezi mitano. Nililiona jambo hilo nikanyamaza, nikaliita ukarimu. Mwenyekiti, mpigie Darlène kwanza, kabla ya Shangazi. Mwulize kama ameshaichukua. Asipopokea, endelea kupiga.

Shangazi akitaka kuja mwenyewe, ashuke Westmead na kutoka upande wa hospitali. Ni jengo la vioo lenye duka la kahawa chini. Apande ghorofa ya tatu. Mapokezi aseme yeye ni nani wangu, asifiche. Choo cha wanaume kiko mwisho wa ukumbi; mimi niko mlango wa pili. Agonge kwa nguvu, na nikichelewa kujibu asiondoke. Nipo.