Jeep ya Kumbeba Talitha

Katika Haut-Lomami nzima hakukuwa na fundi wa magari wa kumshinda Lazare Biuma, ilimradi gari lenyewe lisizidi urefu wa samaki wa kukaanga.

Saa za kazi alikuwa karani wa shule hapo Kamina: anapiga mihuri, anatafuta mafaili yaliyopotea, na préfet, mkuu wa shule, anamwita "wewe". Lakini akifika nyumbani, akavaa miwani na kushika wembe, alikuwa kiwanda kizima! Ulaya wangejua, wangefunga viwanda vyao kwa aibu. Hayo aliyasema yeye mwenyewe, tena mara kwa mara, tena watu wakiwa wanakula.

Mwaka huu mdogo wake Jérémy, anayeishi Ubelgiji, alimtumia boksi la vipande vya plastiki: gari dogo la kuunganisha, kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne. Picha juu ya boksi ilionyesha gari la mashindano, jekundu, tumbo linalamba lami.

Lazare akacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Hii? Ku Kamina haifike hata ku soko! Shimo ya kwanza inaimeza, tunaanza kulia kilio!"

Akaamua kuligeuza jeep. Akalipasua mgongo, akalitupa paa, akalinyanyua kutoka chini kama mtu anayemwamsha mlevi. Kuta mpya na paa jipya vilitoka kwenye bidon ya mafuta ya kula, chassis kwenye mbavu za mwavuli, matairi kwenye soli ya kandambili iliyokatwa duara na kuchongwa meno. Vioo vya taa vilikuwa vile vifuko vya plastiki vya vidonge vya malaria. Nyufa alizijaza gundi iliyochanganywa na poda ya mtoto, akapiga msasa mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Angeomba kadi ya uchaguzi wiki ile, angekosa. Viti vilikuwa vya ngozi, kutoka kwenye pochi yake, ambayo kwa muda mrefu haikuwa na kazi nyingine.

Ikabaki rangi ya bodi.

"Baba Éliane, vernis yangu ya kucha iko wapi?" akauliza mkewe, Salomé.

"Iko ku carrosserie."

"Chupa mbili?"

"Couche ya kwanza na ya pili, Mama Éliane. Unataka motokari ishike kutu?"

"Plastiki inashikaka kutu?"

Lazare alijifanya hakusikia. Mabingwa wote huzungukwa na watu wa namna hiyo.

Ilipokauka, akaipaka matope mekundu ya Kamina kwenye magurudumu, akafunga vifuko vitatu vya unga juu ya paa, kama gari lolote linalojiheshimu linalotoka Kaniama. Kisha akaiweka juu ya tofali uani, akalala kifudifudi na simu yake, akapiga picha geti likiwa mbali kule nyuma. Lo! Ungeapa jeep imeegeshwa sasa hivi, injini bado ya moto! Akaitupia kwenye status ya WhatsApp: "Kazi ya mikono yangu. Mungu ni mwema."

Alitegemea watu wasifie ufundi. Watu wakasifia utajiri!

"Félicitations, Papa Lazare!" "Mungu amekukumbuka!" "Sasa utatusalimia tena?"

Ukweli usemwe: alianza kuandika maelezo. Alishafika kwenye neno "plastiki" ujumbe mwingine ulipoingia. Ulikuwa wa préfet Mputu mwenyewe: "Bonjour, Monsieur Biuma."

Monsieur!

Lazare akaifuta plastiki, akaandika "Merci". Akawajibu wote "Merci". Jioni ile alitembea uani mikono nyuma, kama mtu anayefikiria bei ya mazuti ya kujaza tangi.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa baba mkwe, Papa Nkashama, mfanyabiashara wa mahindi kule Kaniama. Mzee huyo alikuwa anamwoza binti yake mdogo, Talitha, kwa mwalimu Précieux wa Kamina, na harusi ilikuwa Samedi, Jumamosi hiyo hiyo, kanisani kwa Wamethodisti. Miaka kumi na miwili alikuwa akimwita Lazare "ule bwana ya Salomé".

"Mukwe wangu!" akanguruma leo. "Niliona jeep!"

"Ndiyo, Papa."

"Nilikuwa nakuzarau, nakuambia kweli. Kumbe uko mwanaume! Samedi Talitha atafika ku kanisa na jeep yako."

Hapo njia ya kutokea ilikuwa wazi kama geti la stesheni. Lakini kwa watu hawa, baba mkwe akisema, mkwe hakatizi wala hasahihishi. Mkwe anasema "Ndiyo, Papa", kisha anatafuta pa kujificha.

"Ndiyo, Papa," akasema Lazare.

"Bantu ya Précieux balikuwa banatafuta taxi. Nikabaambia: muache! Kwetu kuko jeep!"

"Ndiyo, Papa."

"Iko na climatiseur, ile ya baridi?"

Lazare akafikiri. Dirisha la nyuma alikuwa hajaliwekea kioo.

"Mupepo unaingia, Papa."

Salomé, aliyekuwa amesikia yote, akaweka mikono kiunoni. "Telefona baba sasa hivi, umuambie."

"Nimuambie nini? Minyi Lazare Biuma, nishindwe kupata motokari moja ku Kamina hii?"

Alishindwa. Taxi ya akina Précieux ilikuwa imeshachukuliwa na watu wa Bukama. Pick-up ya dispensari haikuwa na betri. Alhamisi akaenda kwa Yav, mwenye jeep ya kweli, kuukuu lakini, alivyojua yeye, yenye kutembea.

"Yav, ndugu yangu, niazime motokari Samedi, asubui moja tu."

Yav akapangusa mikono kwenye suruali. "Weye? Mwenye jeep mupya?"

"Yangu iko na shida kidogo."

"Shida gani?"

"Bantu bengi habawezi kuingia."

"Acha kunichekelea, Lazare! Embrayage yangu ilikufa juzi, gia haziingie. Minyi njo nilikuwa nakuja kwako, uniazime yako!"

Ijumaa Papa Nkashama akafika kwa moto, pikipiki ya abiria, kichwa hadi miguu matope, Talitha akishuka kwenye moto ya pili na robe yake ya harusi kwenye mfuko. Mzee hakuomba hata maji. Akatoa ndani ya koti mita kumi za utepe mweupe.

"Hii njo ya jeep. Iko wapi?"

"Ndani ya nyumba, Papa."

Mzee akautazama mlango. Akaupima kwa mikono, huku na huku.

"Ilipita wapi?"

Wakaingia. Jeep ilikuwa juu ya kabati, imekaa kwenye kitambaa cha kufuma, kati ya saa na picha ya ubatizo wa binti yao Éliane. Salomé akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria motoni.

Papa Nkashama akavaa miwani. Akaichukua, akaigeuza, akaikagua chini kama anavyokagua mbuzi kabla ya kutaja bei. Akafungua mlango mmoja kwa ukucha.

"Milango inafunguka."

"Ndiyo, Papa. Yote ine."

"Siti ni ya ngozi."

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri sana. Sasa uniambie: Talitha ataikala mbele ao nyuma?"

Lazare akafungua mlango wa nyuma kwa ukucha, akachungulia, akaufunga tena.

Talitha alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akauliza atafikaje kwa Mungu na kwa Précieux. Baba yake akairudisha jeep kwenye kitambaa, taratibu.

"Nilisema utafika na jeep. Minyi si muongo. Utafika na jeep."

Asubuhi ya Samedi, Kamina ikaona cortège, msafara wa harusi. Mbele alitangulia Lazare, suti na tai, sinia mkononi. Juu ya sinia, jeep, imezungushiwa utepe wote, mita kumi, kama mgonjwa wa ajali. Nyuma yake Talitha, shangazi zake wakimshikia pindo za robe. Nyuma yao mzee na kwaya nzima.

"Cortège gani haina klaxon?" mzee akauliza.

"Papa..."

"Piga."

"Pii," akasema Lazare.

"Betri imekufa?"

"Piii! Pii-piiii!"

Mtaa mzima ukatoka nje! Wamama wa soko wakapiga vigelegele, waendesha moto wakaitikia kwa honi zao. Préfet Mputu akatoka kwenye duka, mkono umeshanyooshwa. "Bonjour, Monsieur B..." Akaitazama sinia. Mkono ukarudi mfukoni. "Kumbe wewe."

Karibu na kanisa mvua ya usiku ilikuwa imeacha dimbwi la maji mekundu, barabara nzima. Lazare akaanza kuzunguka pembeni.

"Yaya Lazare," Talitha akamwita shemeji yake kwa sauti tamu, "jeep inaogopaka mayi?"

Akapita katikati. Viatu vya kung'aa, soksi, vyote. Talitha akapita juu ya matofali, mkavu kama hati ya ndoa.

Mbele ya mchungaji mambo yalikwenda vizuri. Précieux akasema ndiyo, Talitha akasema ndiyo, kwaya ikaimba mpaka mabati yakatetemeka. Marafiki wa Précieux walikuwa wameleta moto zao kuwapeleka watu kwenye sherehe, ng'ambo ya pili ya mji. Maharusi wakatangulia, wakafuata shangazi, ikafuata kwaya. Salomé akapanda bila kugeuka nyuma.

Ikabaki moto moja. Lazare, sauti imekauka na miguu imelowa, akakumbatia sinia yake, akanyanyua mguu apande. Mkono mzito ukamshika bega.

"Unaenda wapi?" akauliza Papa Nkashama.

"Ku fête, Papa. Nyuma kuko nafasi."

"Hapana, mukwe wangu. Hizi moto ni za bantu benye habana motokari."

Mzee akapanda mwenyewe, akajiweka sawa, akamgonga dereva mgongoni. Moto ikaondoka ikirusha matope. Alipofika mbali kidogo, akageuka, akapiga kelele kwa huruma yote ya baba mkwe:

"Usikimbize sana! Barabara iko mubaya!"